Jina la Mtoto Asiyekuwepo

Mama Henriette alijifunza kusoma kwa kitambaa cha vumbi. Mume wake, marehemu Nkulu, aliendesha treni za mawe ya shaba kutoka Mutoshi mpaka kifua kilipomshinda, na alipokufa kampuni ikampa mjane kazi ya kufagia maktaba ya Wazungu pale Kolwezi mjini. Akapangusa vitabu miaka kumi na moja. Lakini mtu hawezi kufuta uso wa mwenzake kila siku bila kutaka kujua mwenzake huyo anawaza nini. Akaanza kuuliza: leo herufi hii, kesho ile, leo kwa karani, kesho kwa mlinzi wa mlango. Mwaka wa tano alisoma majina ya vitabu. Mwaka wa tisa alikuwa akifika kazini mapema, anasoma kwanza, halafu ndipo anafagia.

Kampuni ilipoanza kuanguka, na watu walipoyapora maduka, Wazungu wakaondoka. Masista nao wakaondoka, wakaacha sanduku moja la vitabu vya watoto katika parokia ya Kapata. Padri akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona hakuna mwingine wa kumkabidhi. Hivyo Mama Henriette akawa mwenye ufunguo wa chumba kidogo nyuma ya kanisa, chenye benchi nne na kabati moja, na kila Jumamosi baada ya chakula aliwasomea watoto wa kambi ya wafanyakazi.

Kusoma kwake hakukuwa kusoma kabisa. Vitabu vilikuwa vya Kifaransa. Aliwaonyesha picha, akageuza ukurasa, akasimulia kwa Kiswahili, na watu wa hadithi akawapa majina ya kwetu ili watoto wasipotee njiani. Ila alikuwa na sharti moja, alilolitoa kwa nyanya yake kule Kabongo, kaskazini. Hadithi ya kicheko, mpe jina la mtoto yeyote. Hadithi yenye machozi, usimpe jina la mtoto aliyekaa mbele yako. Maneno yana miguu, yatamfuata mpaka kwenye mkeka wake. Mpe jina la asiyekuwepo. Watoto wote wa benchi zile walilijua sharti hilo, na ukikosea walikusahihisha.

Mwaka ule wa tisini na tatu, asiyekuwepo hakuwa wa kutafuta. Benchi zilikuwa zinapungua. Watu wenye asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa na kampuni kuja kuchimba, walikuwa wanafukuzwa nyumba kwa nyumba. Vijana wa chama walipita mchana kweupe wakigonga milango, na mwenye nyumba alipotoka na godoro kichwani, mwingine aliingia kabla jiko halijapoa. Kapata ikajifunza kunyamaza. Ulimsalimu jirani, naye alikuangalia mdomo kwanza, kusikia Kiswahili chako kimetoka upande gani. Mtu akinunua unga mwingi kidogo, watu walijiuliza anamlisha nani. Asiponunua, walijiuliza anajiandaa kwenda wapi.

Mama Henriette hakuwa bora kuliko wenzake. Yeye pia alitazama. Alimtazama hasa Charlotte, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa Musumba mwenye mbuzi watatu, wa pekee katika mstari mzima wa nyumba zile. Kwa wiki mbili Charlotte alikuwa hapeleki mbuzi wake majanini. Aliwafunga karibu na mlango, na wale wanyama wenye njaa walilia kutwa. Tena alitandika magunia yaliyoloweshwa maji juu ya mabati ya nyumba yake, jua likiwaka. Henriette alipomuuliza alijibu kwamba bati linavuja. Bati linalovuja wakati wa jua, Henriette hakuwahi kuliona. Akajisemea kwamba Charlotte ameficha vitu vya wizi, vitu vya wale waliofukuzwa, na akaanza kufunga mlango wake wa nyuma kwa kufuli.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu akatoa kabatini kitabu ambacho hakuwahi kukisimulia. Kilikuwa chembamba, jalada lake limeliwa pembe na panya. Kilikuwa habari za mtoto Myahudi kule Ulaya, wakati wa vita ile kubwa, wakati askari walipokuwa wanakusanya Wayahudi wote, wazee kwa wachanga, na kuwapeleka kwa treni mahali pa kuuawa. Jina la mtoto lilikuwa gumu, lilimkwama kwenye meno. Akatazama benchi. Mwisho wa benchi ya pili palikuwa nafasi wazi ya mtoto wa Muamba, fundi wa mashine mwenye asili ya Kasai, aliyekuwa amefukuzwa pamoja na jamaa yake majuma matatu nyuma.

"Mutoto huyu," akasema, "tutamwita Ngeleka."

Hakuna aliyepinga. Ngeleka hakuwepo.

Akafungua ukurasa wa kwanza. Ngeleka anacheza na gurudumu, na kwenye koti lake mama yake anashona nyota ya kitambaa cha njano, kwa sababu serikali imetoa amri kila Myahudi avae alama.

"Wayahudi ni bale ba mu Biblia?" akauliza Huguette, binti wa miaka saba, wa Kalumba, mmoja wa vijana wa chama.

"Bale bale."

"Basi huyu mutoto ni ndugu ya Yezu."

"Ni ndugu yake."

"Na basoda, bo banabatizwa?"

Mama Henriette akaangalia picha ya askari, buti zake na mkanda wake. "Wengi walibatizwa," akasema, akageuza ukurasa haraka.

Askari wanagonga. Baba anachukuliwa, mama anachukuliwa. Mtoto anabaki, kwa sababu mama alikuwa amemtuma kwa mwanamke mmoja wa shamba, mwenye mbuzi. Picha ilikuwa na mbuzi, hakuwabuni yeye. Mwanamke yule anampandisha juu, penye nyasi kavu chini ya paa, na kumwambia asikohoe. Anakaa kule majira ya joto na majira ya baridi, akihesabu mbayuwayu kupitia tundu la ubao. Na siku vita ilipokwisha anashuka kwenye ngazi, miguu inamtetemeka kama ya ndama kwa sababu amesahau kutembea, anasimama uani amefunika macho kwa mkono. Mama hakurudi. Kitabu hakikuficha hilo, na Mama Henriette pia hakulificha.

Watoto wakaenda makwao wamenyamaza. Alifikiri kwamba amesimulia vizuri.

Kesho yake, misani, alihisi kuna kitu. Waliokaa mbele yake waligeuka, wakamtazama, wakarudisha shingo. Wakati wa kupeana amani, mkono wa Charlotte haukumfikia, ingawa walikuwa benchi moja. Nje ya mlango wanaume wanne walikuwa wanazungumza, na alipopita wakaanza kuzungumza habari za mvua. Akarudi nyumbani akijichunguza. Nani amesema nini? Je, wamejua kwamba yeye bado ana sufuria aliyoachiwa na mke wa Muamba amtunzie? Akaitoa chini ya kitanda, akaisogeza nyuma ya kabati, kisha akaona nyuma ya kabati ndipo mtu angetafuta kwanza, akairudisha chini ya kitanda.

Jumatatu asubuhi, penye bomba la maji, Charlotte alingoja wanawake wengine waondoke. Ndoo yake ilijaa, ikamwagika, naye hakuifunga robine.

"Nilikuwa najua unanichungulia," akasema kwa sauti ndogo. "Sikujua kama unaweza kunichongea kwa mudomo ya batoto. Ungeenda tu kwa Kalumba, umwambie. Njia ni fupi."

"Charlotte, nimekuchongea nini?"

"Mama wa mbuzi. Mutoto mu plafon, chini ya bati. Mutoto wa Kasai, na jina yake umeipa. Huguette alifika kwao, akamwambia baba yake: Ngeleka anajificha juu ya nyumba ya mama wa mbuzi, mama yake alikufa, anakatazwa kukohoa. Kalumba akasema kesho saa nne bataingia kwangu na ngazi. Unajua Kalumba anakaa mu nyumba ya nani."

Henriette alijua. Kapata nzima ilijua kwamba Kalumba aliingia nyumba ya Muamba. Na mtu aliyelala katika kitanda cha mwingine husikia hatua hata pasipo na mtu. Mtoto wa Muamba akibaki Kapata, kesho baba yake ana sababu ya kurudi.

"Ile ni hadithi," akasema. "Ni kitabu cha Ulaya. Wacha bapande juu, bataona hakuna mutu."

Charlotte akageuza macho upande wa nyumba yake, na maji yakazidi kumwagika miguuni pao. Ndipo Henriette akaelewa magunia yaliyoloweshwa ili bati lisimuunguze mtu. Akaelewa mbuzi wanaoachwa walie ili kikohozi kisisikike. Binti wa Charlotte alikuwa ameolewa na mtu wa Kasai, wakafukuzwa wote wawili mwezi wa pili, na walikuwa na mtoto wa kike, Elise, aliyeanza homa siku ile ile. Watu walidhani wamekwenda naye.

"Wee ulikuwa hujue," Charlotte akasema polepole. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyefungua mlango mwenyewe akidhani umekwisha kuvunjwa. "Sasa unajua."

Akajitwika ndoo, akaenda.

Mama Henriette alibaki amesimama. Akishakosea kwa mdomo, mtu hufikiri atarekebisha kwa mdomo. Akapita kuchukua kitabu kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, kisha akaenda kwa Kalumba. Alimkuta kwenye baraza la nyumba ya Muamba, amevua viatu, anakula bukari, ugali wa mahindi, na samaki. Kalumba alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi. Zamani alipokea sakramenti pamoja na mwana wa Henriette, na bado alimwita mama, naye Henriette alimwita tata, yaani baba.

"Karibu, mama. Kula."

"Nimeshiba, tata Kalumba. Nasikia unatafuta Ngeleka."

"Naye mama anajua kwenye eko."

"Eko gare. Na baba yake na mama yake, banangoja treni kama benzake. Ile ya juu ya nyumba ni ya mu kitabu."

Kalumba akanawa mkono mmoja taratibu. "Kitabu kilijua jina ya Ngeleka?"

"Jina nilitia mi mwenyewe."

"Juu ya nini? Mbona hukutia Kalumba? Mbona hukutia Huguette?" Akatabasamu, lakini macho hayakutabasamu. "Mi nasema, mama alitaka kuonya batu, njo akaficha maneno mu hadithi. Baninga wangu ba chama nao banasema vile. Leta kile kitabu."

Alikuwa nacho chini ya kitenge chake. Kalumba akakipokea, akakifungua ukurasa kwa ukurasa, akakipindua, akakitikisa ili karatasi idondoke. Hakuna kilichodondoka. Akaufuata mstari mmoja kwa kidole, midomo ikicheza.

"Haina jina ya mutu wa hapa hata moja," akasema, akimrudishia kitabu kana kwamba hilo ndilo linalotia shaka zaidi.

"Twende gare," Mama Henriette akasema. "Nikikuonyesha Ngeleka, ngazi yako inabaki mu nyumba. Nisipokuonyesha, fanya yako."

Kalumba akavaa viatu.

Wakaenda kwa miguu. Mama Henriette alipiga hesabu ya siku. Treni moja ilikuwa imeondoka Alhamisi. Kama Muamba alipata nafasi ndani yake, basi yeye amemwongoza Kalumba mpaka mwisho wa njia bila kitu, na Elise ana mchana mmoja tu.

Gare ilikuwa imejaa mpaka nje ya uzio. Watu walilala kati ya reli na reli, chini ya mashuka na maturubai, sufuria juu ya mawe, cherehani juu ya magodoro, kuku katika vikapu. Walikuwa maelfu. Kalumba alivua kofia yake ya chama, akaitia mfukoni, akarudi nyuma hatua kumi. Mama Henriette akaenda mbele akiuliza. Kila alipofika mazungumzo yalikatika.

"Muamba, fundi wa mashine, wa Kapata?"

"Hatumujue."

"Iko na mutoto, Ngeleka, wa myaka tisa."

"Hakuna mutu wa jina ile."

Walikuwa na haki. Mama wa Kapata, anayesema Kiswahili cha kaskazini, nyuma yake kijana amesimama mikono mfukoni, naye anauliza mtoto kwa jina. Wewe ungesemaje? Bibi mmoja aliyekuwa anatwanga mihogo akainua mchi, akauacha juu.

"Mama, mutoto wako alipotea?"

"Hapana, bibi."

"Basi juu ya nini unatafuta wa kwetu? Mulitufukuza ku nyumba, sasa munakuya kutuhesabu hata huku?" Wanawake wakacheka kicheko kikavu. "Muangalie muzuri. Akibeba mutoto moja, mumuulize atamulipa na nini."

Aliuliza mpaka sauti ikamwisha. Nyuma yake Kalumba alikuwa anaangalia jua, kama mtu anayesema yatosha. Mama Henriette akaketi juu ya sanduku la mbao la mtu asiyemjua, magoti yakimuuma, akafungua kitabu. Hakuwa na mpango wowote. Ndiyo kazi aliyoijua, basi akaishika. Watoto watatu wakasogea kuona picha. Mama mmoja akamvuta wake kwa sikio, wengine wawili wakabaki, wakawa sita.

"Kulikuwa mutoto," akaanza, "akicheza na gurudumu. Mama yake alikuwa anamushonea nyota ku koti. Na jina yake mutoto huyu ilikuwa Ngeleka."

"Mama Henriette, hapana."

Sauti ilitoka nyuma ya pipa, pamoja na mkono wa mwanamke uliochelewa kuziba mdomo.

"Mi niko hapa," sauti ikaendelea kati ya vidole. "Haifai. Tia mwingine."

Mvulana akatoka, amekonda, shati la shule limebadilika rangi. Nyuma yake alisimama mama yake. Halafu turubai likainuka na Muamba mwenyewe akatoka, ndevu zimeota mvi majuma yale matatu. Akamtazama Henriette, kisha akatazama mbali, pale Kalumba alipokuwa. Watu wote wakageuza macho alikogeuza yeye. Bibi aliyekuwa anatwanga akauweka mchi begani.

Kalumba akasogea. Labda alifikiri ni hatari zaidi kukimbia.

"Jambo, Kalumba," Muamba akasema.

"Jambo, tata Muamba."

"Robine ya mu jikoni inavuja bado?"

Kalumba akalamba midomo. "Inavuja."

"Usiifunge kwa nguvu, utavunja. Ngozi ya ndani njo iliisha. Nilikuwa nimenunua mpya, iko ku dirisha, mu kopo ya maziwa." Akalishusha turubai nyuma yake. "Ulikuya kunitafuta juu ya ile?"

"Hapana," Kalumba akasema. "Nilikuya kuona kama muko wote." Akahesabu kwa macho: baba, mama, Ngeleka, mdogo mgongoni. Akageuka, akaondoka bila kumngoja Henriette, na hakuivaa kofia mpaka alipovuka uzio.

Mke wa Muamba hakuwa ameketi. "Sufuria yangu iko?"

"Iko. Chini ya kitanda."

"Na jina ya mutoto wangu, uliitumia juu ya nini? Bale balifukuzwa Kapata jana banasema ulisema ni mutoto wa kufiwa na mama."

Mama Henriette akamweleza sharti la nyanya yake, kwamba hadithi ya machozi haipewi jina la mtoto aliye mbele yako, hupewa la asiyekuwepo, ili yasimfuate.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. "Na mwenye hayuko," akauliza, "ye ni mutoto wa nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Nyanya wa Henriette alisimulia katika kijiji ambapo asiyekuwepo alikuwa amekwenda kisimani tu.

Ngeleka alikuwa ameishika pembe ya kitabu. "Mwisho anashuka?"

"Soma mwenyewe. Unajua kusoma kunishinda." Akamwachia.

Alifika Kapata jua likiwa bado juu ya miti. Akapita kwanza kwa Charlotte. Mlango ulikuwa umefungwa na dirisha pia. Mbuzi walilia. Akasimama karibu na ubao wa dirisha, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi:

"Kalumba ameona Ngeleka gare. Ngazi haitakuya."

Kisha sauti ya Charlotte, karibu kabisa, ikatoka ndani:

"Ngazi ya nini?"

"Ile ya kesho."

"Sijue ngazi. Juu ya nyumba yangu hakuna kintu. Nani alikutuma kuniuliza?"

"Hakuna mutu alinituma."

"Basi uende, mama. Niko na kazi."

Henriette alitaka kusema kwamba amembebea mzigo mguu kwa mguu mpaka gare na kurudi. Lakini aliona kwamba Charlotte hawezi kumwamini mtu aliyejua, hata akiwa ameokoa, kwani aliyejua leo anaweza kuulizwa kesho. Akasema, "Nilikuya kuuliza tu kama mbuzi bako biko salama."

"Biko salama."

Siku ya nne lori la mihogo la Musumba likasimama mbele ya nyumba ya Charlotte, mapema, watu wakiwa bado wanapiga mswaki uani. Mbuzi walikuwa wameuzwa jana yake. Charlotte alitoa magunia, moja, mawili, na la tatu wakalibeba watu wawili, polepole, wakilishika chini kama linavyoshikwa tumbo la mgonjwa. Kalumba alikuwa barabarani, anazungumza na dereva, anaangalia mizigo.

Mama Henriette alikuwa na ufagio mkononi. Uani kwake palikuwa pamefagiliwa tayari. Hata hivyo akageuka, akaupa mgongo mlango wa Charlotte, akatazama ukuta, akaanza kufagia upya mahali palipokuwa safi, polepole, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

"Mama," Kalumba akaita kutoka barabarani, "jirani yako anahama na nini vile?"

"Sioni, tata," akajibu bila kugeuka. "Vumbi iko mingi."

Akafagia mpaka lori lilipowashwa, akafagia lilipopinda kona, akaendelea kufagia. Watu walipomuuliza baadaye Charlotte aliondoka na nani, aliweza kuwaambia kwa moyo mweupe kwamba hajui.